Kigunduzi cha Mionzi Kinaposema Uongo: Utatuzi wa Hitilafu kwa Watumiaji wa Pwani ya Tanga

Mwongozo huu umetokana na daftari la hitilafu ninalolitunza katika chumba kidogo cha vipimo hapa Tanga, upande wa Raskazone, ambako kazi yangu ni kuunda, kutengeneza na kupima vigunduzi vya mionzi na chembe. Wanaoniletea vifaa ni walimu wa fizikia, wanafunzi wa shahada wanaopima udongo na mchanga, mafundi wa vifaa vya tiba na, mara mojamoja, watu wa vyuma chakavu. Kila mmoja hulalamika kwa maneno yake, lakini ukiyachuja unabaki na dalili chache zinazojirudia mwaka baada ya mwaka, nami nimezipanga hapa nikianza kila mahali na sababu inayotokea zaidi na kumalizia na ile adimu.

Vifaa ninavyovizungumzia ni vya aina tatu. Cha kwanza ni kihesabio cha Geiger na Müller, ambacho tyubu yake ilibuniwa Ujerumani mwaka 1928. Cha pili ni kigunduzi cha kristali ya iodidi ya sodiamu iliyotiwa thaliamu, kilichotokana na ugunduzi wa Robert Hofstadter wa mwaka 1948. Cha tatu ni ubao wa plastiki unaometa chembe zinapoupitia, ambao wanafunzi wetu huutumia kunasa myuoni zinazoshuka kutoka angani. Kigunduzi cha jemaniamu kinachopozwa kwa nitrojeni kimiminika nimekiacha nje kwa makusudi, kwa kuwa mwenye nacho anapaswa kuwa na mkataba wa matengenezo. Kwake nina neno moja tu, asikipandishe volti kabla hakijapoa kabisa.

Nikiulizwa hitilafu za pwani hutoka wapi, hujibu kwamba hutoka kwenye waya, kwenye hewa na kwenye haraka ya anayepima, kwa mpangilio huohuo. Kristali na tyubu, ambazo ndizo za bei kubwa na ndizo watu hukimbilia kuzilaumu, huwa za mwisho.

Kabla ya kufungua chochote

Tyubu ya kawaida ya Geiger hufanya kazi kwa volti 400 hadi 900 hivi, na fotomaltiplaya, yaani tyubu inayogeuza mmeto wa kristali kuwa umeme, huhitaji mara nyingi kati ya volti 600 na 1,200. Mkondo wake ni mdogo, lakini kapasita zilizomo ndani huweza kubaki na chaji baada ya swichi kuzimwa, na mtu akishtuka na kurusha mkono anaweza kuangusha kristali yenye thamani kuliko mshahara wake wa miezi kadhaa. Shusha volti polepole hadi sifuri, zima, chomoa plagi, subiri dakika tano, kisha fanya kazi kwa mkono mmoja huku mwingine ukiwa mbali na chuma. Usichomoe wala kuchomeka waya wa volti kubwa kifaa kikiwa kimewashwa. Katika vifaa vya zamani vya msaada kuna viunganishi vya volti kubwa vinavyofanana sana na vile vya ishara, kiasi kwamba mtu mwenye haraka huweza kupeleka volti 1,000 mahali palipotengenezwa kupokea volti 5. Vifunge utepe mwekundu leo hii.

Utahitaji pia kitu cha kujaribia ambacho hakihitaji kibali. Mimi hutumia mfuko wa mbolea ya kloridi ya potasiamu. Potasiamu yote ya asili ina sehemu ndogo ya potasiamu-40, na kila gramu ya mbolea hiyo hutoa takribani bekereli 16, yaani viini 16 vinavyovunjika kila sekunde, kwa hiyo nusu kilo iliyowekwa jirani na kristali huonekana vizuri. Kile kisoksi cheupe cha taa ya karabai kilikuwa chanzo kizuri zaidi, kwa sababu vya zamani vilitiwa thoriamu, ingawa vingi vya siku hizi havina. Ukikipata cha zamani kifunge ndani ya mfuko wa plastiki bila kukichoma, maana majivu yake hayafai kuvutwa puani. Vyanzo vya maabara ni habari nyingine: kuvimiliki, kuvisafirisha na kuvitupa kunasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomu Tanzania chini ya Sheria ya Nguvu za Atomu ya mwaka 2003, na hakuna hitilafu yoyote katika mwongozo huu inayotatuliwa kwa kufungua chanzo.

Dalili: kifaa kimewaka lakini hakihesabu kitu

Kwanza hakikisha kwamba kweli hakihesabu. Tyubu ndogo ya Geiger ikiachwa mezani bila chanzo hugonga mara 15 hadi 30 kwa dakika kutokana na mionzi ya ardhi, ya kuta na ya anga, na mapigo hayo huja kwa kusuasua, hivi kwamba sekunde kumi za ukimya ni jambo la kawaida. Kipe dakika tano. Kama dakika tano zimepita kimya, tatizo lipo, na tangu hapo usikitumie kifaa hicho kumwambia mtu yeyote kwamba mahali fulani ni salama.

Sababu inayoongoza katika daftari langu ni kutu ya kijani kwenye vishikio vya betri. Hewa ya bahari haihitaji miezi mingi kuifanya kazi hiyo, hasa kwa kifaa kinachohifadhiwa kabatini na betri zake ndani. Kwangua kwa brashi ya meno, futa kwa spiriti safi, acha ikauke, kisha weka betri mpya ambazo umezipima mwenyewe badala ya kuziamini kwa kuwa zimetoka dukani. Usifute kwa mafuta ya taa. Huacha utando ambao baadaye hunasa vumbi na unyevu.

Inayofuata ni waya kati ya tyubu na kisanduku. Ukikunjwa mara nyingi, hupasuka ndani karibu na kiunganishi huku nje ukionekana mzima. Mita ya fundi yeyote wa redio wa Ngamiani inatosha kuupima: waya wa kati usomeke chini ya omu moja kutoka ncha hadi ncha, na kati yake na wavu wa nje pasisomeke kitu. Tikisa ncha huku ukitazama mita, kwa sababu mpasuko wa aina hii hujificha waya unapotulia.

Kama waya ni mzima, shuku volti kubwa, na hapa ndipo mafundi wengi wazuri hudanganyika. Mita ya kawaida ina ukinzani wa megaomu 10, wakati volti ya tyubu ya Geiger hupitia rezista ya megaomu kadhaa na chanzo chake hutoa mkondo mdogo mno. Ukigusisha mita, mita yenyewe hula volti hiyo, ikaonyesha nusu au chini ya nusu ya iliyokuwapo, na fundi akahukumu kwamba chanzo kimekufa. Nimepokea vifaa vitatu vilivyobadilishwa transfoma kwa sababu hiyo bila kuwa na ubovu wowote. Kipimo sahihi kinataka ncha yenye ukinzani wa gigaomu 1 au zaidi. Anayejua kulehemu anaweza kuunga rezista kumi za megaomu 100 kwa mfululizo ndani ya bomba la plastiki, akatanguliza bomba hilo mbele ya mita ya megaomu 10, kisha akazidisha anachosoma kwa 101. Kama hujawahi kupima volti za kiwango hiki, simama hapa na umpelekee aliyezoea.

Adimu kuliko zote ni tyubu iliyovuja. Tyubu zenye dirisha la maika, ambalo ni jembamba ili chembe za alfa zipite, hutoboka kwa ncha ya kalamu au hata kwa kubonyezwa na kidole cha mwanafunzi mdadisi. Hakuna gundi inayorudisha gesi. Ni tyubu mpya tu.

Dalili: hesabu ni nyingi mno bila chanzo

Hii ndiyo dalili ya pwani hasa, na robo tatu ya muda wangu huishia hapa.

Anza na jaribio moja linalogawa njia mbili. Shusha volti kubwa hadi sifuri huku kihesabio kikiendelea kufanya kazi. Hesabu zikiendelea, mionzi haihusiki kabisa: unahesabu kelele za umeme zinazoingia kwenye kikuzaji. Hesabu zikikoma, tatizo lipo upande wa volti, wa mwanga au wa mionzi halisi. Watu huruka jaribio hili kwa sababu linaonekana la kitoto, kisha hupoteza wiki nzima.

Tuchukue kwanza njia ya kelele. Umeme wetu wa ukutani ni wa volti 230 na mizunguko 50 kwa sekunde, na kila kinachowaka na kuzimika juu yake, iwe friji, kidhibiti cha pangaboi au mashine ya kuchomelea mageti ya jirani, hurusha mshindo ambao kikuzaji nyeti hakiwezi kuutofautisha na chembe. Mionzi huja bila mpangilio. Ukiona kwenye osiloskopu, yaani chombo kinachochora mapigo ya umeme kwenye skrini, kwamba mapigo yanafuatana kila baada ya milisekunde 10 au 20, umeshamkamata mwizi. Endesha kifaa kwa betri, nacho kikitulia, dawa ni kuchomeka kigunduzi, kompyuta na osiloskopu kwenye soketi moja yenye waya wa ardhi uliopimwa, kufupisha waya za ishara, na kusogeza simu mbali. Usikate waya wa ardhi wa plagi ili kelele ipungue. Nimeona ikifanyika, kelele ikapungua kweli, na sanduku la chuma likabaki kusubiri siku ya kumpiga mtu umeme. Soketi isiyo na waya wa ardhi ni kazi ya fundi umeme mwenye leseni.

Njia ya pili inaongozwa na unyevu. Chumvi ya bahari hutua juu ya ubao wa saketi na juu ya soketi ya fotomaltiplaya, na usiku hewa inapopoa chumvi hiyo hunywa maji na kuwa njia ya umeme kati ya pini zenye tofauti ya mamia ya volti. Matokeo yake ni cheche ndogo za umeme ambazo kikuzaji huzihesabu kama chembe. Dalili yake bainifu ni kwamba hesabu hupanda alfajiri na siku za mvua za masika, kisha hushuka kifaa kikishawaka saa mbili na kujipasha joto. Gizani, ukiwa kimya, pengine utasikia mchichimo na kunusa harufu kama ya hewa baada ya radi; ukifika hapo zima mara moja. Tiba ni kuosha ubao kwa alkoholi safi ya isopropili na brashi laini, kuukausha mahali penye joto la kadiri kwa siku nzima, kisha kuufungia ndani ya kisanduku chenye mpira wa kuziba pamoja na silika jeli, yaani ule mfuko wa chembechembe unaokuja na viatu vipya. Mfuko huo hushiba. Ukaushe mara kwa mara juu ya joto la chini, vinginevyo unatunza kifuko cha maji karibu na saketi yako.

Baada ya unyevu ni mwanga. Ubao wa plastiki wa myuoni hufungwa kwa foili na tepu nyeusi, na tundu dogo kuliko ncha ya sindano hutosha kuifurisha fotomaltiplaya kwa fotoni. Miaka kadhaa iliyopita tulikuwa na ubao ambao hesabu zake zilipanda kila siku kati ya saa mbili na saa nne asubuhi. Mwanafunzi aliyekuwa akiutunza alinijia na daftari lake akiwa na furaha isiyofichika: "Shikamoo, Mwalimu. Naona jua linatoa myuoni asubuhi tu." Nikamjibu marahaba, nikamwomba tukaufunike ubao kwa kaniki iliyokunjwa mara nne. Hesabu zikarudi chini palepale. Mwanga uliokuwa ukipenya kwenye luva za dirisha la mashariki ulikuwa ukitua juu ya kona moja ambapo gundi ya tepu ilikuwa imeyeyuka kwa joto. Tangu siku hiyo kaniki ile imo kwenye orodha ya vifaa vya maabara, baina ya osiloskopu na chuma cha kulehemu. Onyo lake ni hili: usifungue kifuniko cha fotomaltiplaya yenye volti ili kutafuta tundu, kwa kuwa mwanga wa chumba tu unaweza kuiharibu moja kwa moja.

Volti iliyopita kiasi ndiyo ya tatu kwa tyubu za Geiger. Kila tyubu ina uwanda wake, yaani eneo la volti ambamo hesabu hazibadiliki sana. Chora grafu ya hesabu dhidi ya volti, ukipanda kwa hatua za volti 20, na ufanye kazi katika theluthi ya kwanza ya uwanda. Hesabu zikianza kuruka ghafla, umetoka upande wa pili na tyubu inapitisha umeme yenyewe bila chembe, shusha haraka. Uwanda uliofupika na kuinama ni dalili ya uzee, hasa kwa tyubu za zamani zilizojazwa mvuke wa kikaboni, ambazo huishiwa baada ya hesabu bilioni moja hivi. Zile za halojeni hazina kikomo cha namna hiyo.

Mwisho, pengine kigunduzi kinasema kweli. Mvua ya kwanza ya vuli huosha hewani mabaki ya radoni na kuyalaza ardhini, na kipimo cha gama nje hupanda kwa muda. Kwa kuwa risasi-214 hupungua nusu kila dakika 27 na bismuthi-214 kila dakika 20, hali hurudi ya kawaida saa mbili au tatu baada ya mvua kukatika. Nyumba ya matofali ya udongo wa kuchoma kwa kawaida husomeka juu kuliko nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe, maana chokaa ina potasiamu kidogo. Mchanga mzito mweusi unaokusanyika ufukweni hubeba zirkoni, yenye urani na thoriamu ndani yake, na pwani ya kusini mwa Tanga imetafutwa madini ya mchanga kwa sababu hiyo ya uzito wake. Mwanafunzi aliyeketisha kigunduzi juu ya ndoo ya sampuli asilaumu kifaa. Lakini ukishuku kwamba vumbi lenye mionzi limeshika kwenye kigunduzi chenyewe, usipulize. Vaa glavu, futa kwa kitambaa chenye maji, kitie kitambaa kwenye mfuko, kipime. Kitambaa kikigonga, acha kazi na utoe taarifa.

Dalili: kilele kinahama

Mpimaji ameweka kilele cha sesiamu-137, yaani mwinuko wake kwenye grafu ya hesabu dhidi ya nishati, mahali pake asubuhi, keV 662 (keV ni elektronivolti elfu moja, kipimo cha nishati). Adhuhuri anakikuta kwingine. Kwanza aangalie joto. Mmeto wa iodidi ya sodiamu hupungua kwa takribani asilimia 0.3 kwa kila nyuzi moja katika joto la chumba, na fotomaltiplaya ina mabadiliko yake ya kuongezea juu ya hayo, kwa hiyo chumba cha bati kinachopanda nyuzi 10 kati ya alfajiri na saa nane mchana kinaweza kukihamisha kilele kwa keV 20 bila ubovu wowote. Kiyoyozi husaidia, alimradi kisipulize moja kwa moja juu ya kigunduzi na kisizimwe usiku.

Pili ni volti. Katika fotomaltiplaya ya hatua kumi ukuzaji hufuata volti kwa kipeo cha saba hivi, na maana yake ni kwamba volti ikishuka asilimia 1, kilele hushuka asilimia 7. Ukiwa kwenye volti 900, upungufu wa volti 9 tu unatosha kuharibu kazi ya siku. Stabilaiza ya friji haijatengenezwa kwa usahihi huo. Kinachotakiwa ni chanzo cha volti kubwa kilicho imara, kilichowashwa angalau nusu saa kabla ya kipimo, na yupiesi ya kukilinda umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo.

Tatu ni wingi wa hesabu: chanzo kikisogezwa karibu sana mkondo ndani ya tyubu hubadilika na kilele nacho hufuata. Nne ni sumaku. Geuza kigunduzi pande nne za chumba. Kilele kikihama kwa kugeuzwa tu, ama kuna spika kubwa jirani au lile ganda la kuzuia sumaku limevuliwa na mtu aliyeliona halina kazi.

Kinga ya haya yote ni kuwa na alama isiyohama. Mionzi ya asili ya chumba ina kilele cha potasiamu-40 kwenye keV 1,460 na, ukihesabu kwa saa kadhaa, cha thaliamu-208 kwenye keV 2,614. Vyote viwili ni bure, havihitaji kibali, wala haviishi katika umri wetu. Viandike kila asubuhi.

Dalili: kilele kimetanuka

Kigunduzi kizuri cha iodidi ya sodiamu huonyesha kilele cha keV 662 chenye upana wa asilimia 7 hivi katikati ya kimo chake. Ukifika 9, chunguza. Ukifika 12, andaa pesa.

Ondoa kwanza makosa mepesi: kikuzaji kilichopangwa vibaya, hesabu nyingi mno zinazopandana, na mngurumo wa mizunguko 50 uliozungumziwa juu. Kisha tazama mafuta ya silikoni yaliyo kati ya kristali na fotomaltiplaya, ikiwa kigunduzi chako ni cha aina inayotenganishwa. Joto huyafanya yatiririke na kuacha mapovu. Futa kabisa, paka mapya kiasi cha punje ya mbaazi, zungusha taratibu hadi mapovu yaishe, na yote hayo uyafanye kwenye mwanga hafifu baada ya volti kushushwa.

Kinachobaki ni kristali, na mbele yake unaangalia tu. Iodidi ya sodiamu hunywa maji hewani kama chumvi ya kwenye kibakuli wakati wa masika. Ndiyo maana hufungwa ndani ya kopo la alumini lisilopitisha hewa. Ukiitazama kupitia dirisha la kioo na kuiona ina rangi ya manjano au ukungu pembeni, kopo limevuja. Ukiona mstari unaong'aa ndani, imepasuka, na mara nyingi imepasuka kwa sababu mtu aliitoa kwenye chumba cha kiyoyozi na kuitia kwenye gari lililoanikwa juani. Kristali kubwa isibadilishiwe joto kwa zaidi ya nyuzi 8 hadi 10 kwa saa. Isafirishe ndani ya ndoo yenye sponji kama mtu anayebeba mayai kwa bodaboda. Usifungue kopo hata likiwa limeshavuja. Kazi hiyo hufanyika ndani ya kisanduku cha hewa kavu, kiwandani, na thaliamu ni sumu.

Dalili: hesabu mbili za pamoja hazipatani na matarajio

Hii inawahusu wenye mbao mbili za plastiki zilizopangwa juu na chini. Kwenye usawa wa bahari, ambao ndio wetu, kila sentimita ya mraba iliyolazwa hupitiwa na myuoni moja hivi kwa dakika. Ubao wa sentimita 20 kwa 20 basi utarajie 400 kwa dakika, na hesabu ya pamoja, yaani ya mapigo yanayotokea kwenye mbao zote mbili kwa wakati mmoja, iwe chini ya hapo, ikipungua kadiri zinavyoachana. Ikiwa ndogo mno, pima urefu wa waya, kwani kila mita huchelewesha ishara kwa nanosekunde 5 hivi na waya mmoja ukiwa mrefu sana ishara mbili hazikutani. Ikiwa kubwa mno, fanya hesabu ya sadfa: mbao zinazogonga mara 1,000 kwa sekunde kila moja, zenye mapigo ya nanosekunde 100, zitakutana kwa bahati tu mara 12 kwa dakika. Kizingiti, yaani ukubwa wa chini wa pigo linalohesabiwa, kikipandishwa kidogo, sadfa huporomoka.

Dalili: kila nikipima napata jibu tofauti

Hapana ubovu. Hesabu 100 zina mtawanyiko wa 10 juu na chini, na hesabu 10,000 zina mtawanyiko wa 100, yaani asilimia 1. Pima kwa muda mrefu zaidi. Rudia mara ishirini. Kama theluthi mbili ya majibu haziachani na wastani kwa zaidi ya kipeuo cha pili cha wastani huo, kifaa ni kizima, na kama yote yanafanana kupita kiasi, hapo ndipo uanze kushuku kwamba unahesabu umeme wa ukutani.

Dalili: kinagonga mwisho kila upande, au kinanyamaza kinapokaribia kitu

Kila tyubu ya Geiger huwa kipofu kwa muda mfupi baada ya kila hesabu, mara nyingi mikrosekunde 100 hivi. Kifaa kinachoonyesha 2,000 kwa sekunde kimekuwa kipofu moja ya tano ya muda, na hesabu halisi ni 2,500. Mionzi ikizidi sana, tyubu haipati nafasi ya kupumua, na baadhi ya vifaa hushuka hadi sifuri. Kwa hiyo hesabu zilizopanda ulipokuwa ukikaribia, kisha zikaanguka ghafla, zisomwe kama hatari hadi ithibitike vinginevyo.

Septemba 1987, mjini Goiânia nchini Brazil, chanzo cha sesiamu-137 cha mashine ya tiba kilichukuliwa kwenye kliniki iliyotelekezwa kikaishia kwa muuza vyuma chakavu, na watu wanne walikufa kwa mionzi hiyo. Mwanafizikia aliyeitwa kuchunguza aliazima kigunduzi, akakiwasha akiwa bado njiani, mshale ukagonga mwisho kila alikoelekeza. Akaamua kwamba kifaa ni kibovu, akarudi kukibadilisha. Cha pili kikasema vilevile. Mimi ningefanya kama yeye, na kwa sababu hiyo ninaweka utaratibu ufuatao ukutani, mahali ninapouona nikiwa na haraka.

Rudi nyuma ulikotoka, hatua thelathini au zaidi, kifaa kikiwa kimewaka. Ukiuongeza umbali mara mbili kutoka kwenye chanzo kidogo, mionzi hupungua hadi robo, kwa hiyo kifaa kizima kitashuka kadiri unavyoachana na kitu. Kibovu kitabaki palepale hata ukifika barabarani. Kikishuka, usirudi kuhakikisha. Zuia watu wasikaribie, usiguse, usifungue, usipakie kwenye gari wala usikubali mtu akuletee kitu hicho umtazamie. Andika saa, mahali na namba ulizosoma, kisha wapigie simu Tume ya Nguvu za Atomu na polisi. Kikibaki palepale, kipime kwa mbolea ya potasiamu, na uanze upya kwenye sehemu ya hesabu nyingi bila chanzo, kwa lile jaribio la kushusha volti hadi sifuri.